Kengele ya baiskeli ni hodi: namna ya kumpita mwenda kwa miguu bila kumgonga wala kumshtua

Njia nyingi za vijijini hazina upande wa baiskeli na upande wa waenda kwa miguu. Njia ni moja tu. Anayepeleka mahindi mashineni, mwanafunzi anayewahi namba, bibi anayerudi kutoka zahanati na mchungaji mwenye ng'ombe wake, wote wanapita palepale. Pikipiki utaisikia ikiwa bado ng'ambo ya kilima. Baiskeli haina injini, na kwenye vumbi au mchanga laini hata tairi halisikiki. Mtu anaweza kushtukia iko kiunoni kwake.

Kifaa kilichowekwa kwa ajili ya tatizo hilo ni kengele. Ni ndogo, haili mafuta wala betri, na wengi wetu tunaiona kama pambo. Baiskeli nyingi zinazopita siku ya mnada ama hazina kengele kabisa, ama imebaki bakuli tupu lisilolia. Na walio nayo, wengine wanaitumia vibaya: wanaipiga wakiwa wameshafika mgongoni mwa mtu, kisha wanamlaumu kwa kurukia upande usiofaa.

Makala hii inaeleza kengele inavyofanya kazi, ipigwe wapi na lini, na nini cha kufanya pale isiposikika. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kengele ni hodi. Mgeni akipiga hodi mlangoni haingii hapohapo, anasubiri aitikiwe. Na asipoitikiwa, hapati ruhusa ya kuvunja mlango.

Kengele inavyolia

Anayetajwa kuwa mvumbuzi wa kengele ya baiskeli ni John Richard Dedicoat wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1877. Wakati ule watu walizoea kusikia kwato za farasi na magurudumu ya mikokoteni. Baiskeli ilipoingia barabarani ilikuwa kitu kipya: chombo chenye kasi kisicho na kelele. Tatizo lao ndilo tatizo letu hadi leo.

Kengele iliyozoeleka kwenye baiskeli kubwa kama Phoenix au Avon ina kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba. Ukikibonyeza, meno madogo ndani yanazungusha kipande cha chuma chenye washa mbili zilizolegea. Zikizunguka kwa kasi, washa hizo zinarushwa kuelekea nje na kugonga kifuniko chenye umbo la bakuli. Ndiyo sababu inatoa mlio mrefu wa "krrring". Ukiachia, springi inakirudisha kidude mahali pake.

Ipo na aina ya pili, yenye kinyundo kidogo nje au ndani ya bakuli. Hiyo unaivuta au kuisukuma mara moja, inatoa "ting" moja. Ni rahisi na haiharibiki upesi, lakini mlio wake ni mfupi, kwa hiyo inafaa kupigwa mara mbili.

Kwa aina zote mbili, bakuli lazima liwe huru. Ukilishika kwa kiganja, au likigusana na waya wa breki au mfuko ulioning'inizwa kwenye usukani, mlio unakufa. Ukiona kengele yako inatoa "tak" badala ya "ting", angalia hapo kwanza kabla ya kununua nyingine.

Upige ukiwa umbali gani

Hapa ndipo ajali nyingi zinapoanzia, kwa hiyo tupige hesabu. Mtu mzima anayetembea kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa. Baiskeli kwenye tambarare huenda kama kilomita 15 kwa saa. Maana yake unamkaribia kwa tofauti ya kilomita 10 kwa saa, ambayo ni karibu mita 3 kila sekunde.

Ukipiga kengele ukiwa mita 20 nyuma yake, yaani kama hatua 25 hivi, ana sekunde 7. Atasikia, atageuka, atakuona, ataamua upande, atasogea. Ukipiga ukiwa mita 5, ana chini ya sekunde 2. Muda huo unamtosha kushtuka tu. Mtu aliyeshtuka hasogei kwa akili, anaruka, na anaweza kurukia mbele ya gurudumu lako.

Sasa fikiria mteremko. Baiskeli ikifika kilomita 30 kwa saa, zile mita 20 zinakwisha kwa sekunde 3 hivi. Isitoshe, kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka karibu mara nne. Weka gunia la kilo 100 kwenye keria, weka na rimu za chuma zilizolowa mvua, ambazo breki haizishiki vizuri, utaelewa kwa nini kengele peke yake haitoshi kwenye mteremko. Hapo breki inakuja kwanza, kengele baadaye.

Kwa hiyo utaratibu ni huu:

1. Ukimwona mtu mbele, acha kukanyaga pedali kwa nguvu na weka vidole kwenye breki.
2. Piga kengele mara ya kwanza ukiwa bado mbali, mita 20 au zaidi. Kwenye mteremko au ukiwa na mzigo, piga mapema zaidi.
3. Tazama jibu. Kugeuza kichwa, kuinua mkono au kusogea pembeni ni sawa na kusema "karibu".
4. Ukijibiwa, pita taratibu, ukimwachia nafasi ya kutosha mkono mmoja ulionyooshwa au zaidi.
5. Usipojibiwa, piga mara ya pili na uendelee kupunguza mwendo. Usipojibiwa tena, jiandae kusimama.

Upepo nao una neno lake. Ukiendesha upepo ukikupiga usoni, mlio unarudishwa nyuma yako na aliye mbele anausikia kwa shida. Siku hiyo piga mara nyingi zaidi, au tumia sauti ukisogea karibu.

Hodi isiyoitikiwa

Mtu asipogeuka baada ya kengele mbili, waendeshaji wengi hudhani ni kiburi. Wanaongeza mlio, wanaongeza na maneno. Tuache dhana hiyo, kwa sababu nyingine ziko nyingi.

Ya kwanza ni umri. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowasumbua katika maisha ya kila siku. Na kwa kawaida uzee huanza kuondoa sauti nyembamba kabla ya sauti nene. Kengele ndogo ya "ting" ni sauti nyembamba. Babu anaweza kukusikia vizuri mnapozungumza barazani, lakini kengele yako nyuma yake asiisikie kabisa. Kengele kubwa yenye mlio mzito inamfikia kwa urahisi zaidi, na sauti ya mtu pia.

Ya pili ni viziwi. Kiziwi hana alama yoyote mgongoni. Huwezi kumtambua kwa kumwangalia, isipokuwa kwa jambo hilohilo: hageuki. Kwa hiyo sheria salama ni moja. Asiyegeuka, mchukulie kuwa hajasikia. Punguza mwendo kabisa, mpite kwa mbali, na kama njia ni nyembamba, shuka na usukume baiskeli mpaka akuone.

Ya tatu ni vifaa vya masikioni. Vijana wengi siku hizi wanatembea na simu inaimba. Nasi watu wa redio hatutaki kujitoa lawamani: anayetusikiliza kwa vifaa vya masikioni huku akitembea barabarani, aache sikio moja wazi. Na mwendeshaji aliyefunga redio kwenye usukani apunguze sauti. Kengele yake haiwezi kushindana na muziki wake mwenyewe.

Ya nne ni mzigo. Mama mwenye ndoo ya maji kichwani anasikia vizuri sana, lakini hawezi kugeuza shingo upesi. Jibu lake ni kuendelea kunyooka palepale alipo. Huyo usimwongezee kengele, maana ukimharakisha ndoo itaanguka. Mwambie unapita upande gani, kisha mpite kwa nafasi.

Asiyeona, mwenye fimbo nyeupe, anaweza kuisikia kengele yako vizuri. Ila kengele haimwambii unapitia wapi. Kwake maneno ndiyo yanayofaa: "Baiskeli, napita kulia kwako." Usikatize kabisa mbele ya fimbo yake.

Watoto, makundi na mifugo

Mtoto akisikia kengele anaweza kufanya jambo usilolitegemea. Kama mama yake yuko ng'ambo ya njia, atakimbilia kwa mama, hata kama anapita mbele yako. Ukiona mtoto upande mmoja na mtu mzima upande wa pili, wafikirie kama wamefungwa kamba katikati. Usipite kati yao mpaka mmoja amemshika mwenzake mkono.

Kundi la wanafunzi nalo likisikia kengele hugawanyika mara mbili, hawa kushoto, hawa kulia, na kila mara yupo mmoja anayebadili mawazo na kuvuka kuwafuata rafiki zake. Subiri huyo wa mwisho. Karibu na shule, muda wa kuingia na muda wa kutoka, endesha kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Kwa mifugo, kengele si msaada wa uhakika. Mbuzi wanaweza kutawanyika na kukatiza njia. Ng'ombe wa maksai akishtuka na jembe au mkokoteni nyuma yake, hasara ni ya wengi. Ongea na mchungaji, si na ng'ombe. Atawasogeza, nawe utapita.

Mkono ukiwa na kazi nyingine

Kengele inahitaji kidole gumba, na kidole hicho mara nyingi kina kazi: kimeshika dumu, kimezuia mzigo, au unapita kwenye mashimo na kuachia usukani ni hatari. Hapo sauti yako ndiyo kengele.

Wanaoendesha baiskeli ya gurudumu moja wanalijua hili vizuri. Wengi wetu tumeiona kwenye sarakasi tu, lakini nchi kama Uingereza, Ujerumani na Marekani wapo wanaoiendesha barabarani na kwenye njia za mashambani. Baiskeli hiyo haina usukani, kwa hiyo hakuna mahali pa kawaida pa kufunga kengele. Aghalabu haina breki pia. Pedali zimeshikamana na gurudumu, na gurudumu likizunguka miguu nayo inazunguka. Mikono yote miwili inatumika kuweka mwili sawa. Wapo wanaofunga kengele kwenye mshikio ulio mbele ya kiti, na wapo wanaoishika kiganjani.

Kwa gurudumu la inchi 20, pedali ikizunguka mara moja chombo kinasogea kama mita 1.6. Mwendeshaji akizungusha mara 60 kwa dakika, anakwenda karibu kilomita 6 kwa saa, kasi ya mtu anayetembea haraka. Hatari yake si kasi, ni kuyumba na kutoweza kusimama ghafla bila kuruka chini. Ndiyo maana mwenye busara anaongea mapema: anasema yupo, anasema anapita wapi, anasubiri njia.

Mwendeshaji wa kwetu mwenye gunia tatu za mkaa hana tofauti kubwa naye. Anayumba, hawezi kusimama ghafla, na mikono yake imebanwa. Naye aongee mapema.

Maneno yenyewe tunayo. "Naomba njia." "Shikamoo bibi, napita kulia." "Samahani mama, baiskeli." Salamu ina faida kuliko kelele, kwa sababu mtu aliyesalimiwa anageuka kuitikia, na akigeuka amekuona. Kupiga mluzi kunaonekana ni njia ya mkato, lakini kina mama na mabinti wengi wanauchukulia kuwa utovu wa adabu, na mtu anayehisi kudharauliwa hakupishi kwa moyo. "Pisha!" nayo ni amri, haina hodi ndani yake.

Kengele ya njia na kengele ya biashara

Kuna jambo linalopunguza nguvu ya kengele bila sisi kutambua. Muuza aiskrimu anapiga kengele au honi kuita watoto. Muuza samaki anapiga honi kuita akina mama. Watu wakizoea kwamba kengele maana yake "njoo", watoto watakimbilia njiani badala ya kutoka njiani.

Wafanyabiashara wa baiskeli wanaweza kusaidia kwa kutumia mlio wa biashara wakiwa wamesimama pembeni, na kuacha kengele ya kidole gumba kwa ajili ya kuomba njia tu. Na sisi wengine tusiipige kusalimia kila rafiki. Kengele inayolia wakati wote, masikio huiacha kuisikiliza.

Nchi nyingine zinasemaje

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, na isiwe na king'ora au honi nyingine. Ujerumani inadai kengele yenye mlio wa wazi kwenye kila baiskeli. Uingereza inataka baiskeli mpya iuzwe ikiwa na kengele, ingawa haimlazimishi mwenye nayo kuendelea kuwa nayo.

Japani ina sheria inayofaa kutafakari. Baiskeli lazima iwe na kengele, lakini kuipiga ovyo bila hatari yoyote, kwa mfano kuwafukuza wenda kwa miguu wakupishe, ni kosa. Sheria hiyo inatambua kwamba kengele haimpi mwenye baiskeli haki ya njia. Inampa njia ya kujitambulisha.

Upande wa mwenda kwa miguu

Hodi ina mwitikiaji pia. Tanzania, Kenya na Uganda vyombo hupita kushoto. Ukitembea barabarani pasipo na njia ya miguu, tembea kulia, ili vyombo vya upande wako vije vikikutazama usoni. Rwanda, Burundi na Kongo vyombo hupita kulia, kwa hiyo huko ni kinyume chake.

Ukisikia kengele nyuma yako, usiruke. Endelea kunyooka, geuza kichwa, kisha sogea upande mmoja na ubaki hapohapo. Kama mko wengi, wote mwende upande mmoja. Inua mkono kuonyesha umesikia. Usiku vaa nguo nyeupe au beba tochi, na mwendeshaji naye awe na taa mbele na kiakisi mwanga nyuma. Kengele gizani inamwambia mtu kwamba kuna baiskeli, haimwonyeshi iko wapi.

Ikiwa umemgonga mtu

Simama. Kukimbia kunageuza ajali kuwa uadui wa koo mbili. Ondoa baiskeli na mzigo juu yake, lakini usimnyanyue kwa haraka. Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, au mguu wake ukaonekana umefupika au umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Asilazimishwe kutembea, abebwe akiwa amelala kwenye kitu kigumu hadi kituo cha afya. Akiwa anaumwa shingo au mgongo, asisogezwe mpaka wapatikane wanaojua kumbeba, isipokuwa alipo pana hatari.

Aliyegonga kichwa aangaliwe hata akisema hajambo. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au akiumwa kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali mara moja.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kengele huharibika kwa vumbi na kutu. Kwa aina nyingi kifuniko hufunguka kwa kukizungusha kwa mkono kinyume cha saa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno na kwenye springi, halafu rudisha. Usijaze grisi, inashika mchanga na washa zitaganda. Kama springi imekatika, fundi anaweza kuhamisha ya kengele nyingine iliyokufa.

Ifunge karibu na breki, mahali kidole gumba kinafika bila kuachia usukani, na kaza skrubu ili isizunguke. Kisha mpe mtu mwingine aipige, wewe ukiwa umempa mgongo hatua 25 mbele. Kama huisikii vizuri ukiwa umetulia uani kwako, bibi aliye njiani na upepo hataisikia. Tengeneza leo, kabla ya siku ya mnada, maana siku hiyo njia inajaa na breki zote zinabeba mizigo.